Ua la Mnyaa

Dobi alikuwa anaanika shuka za nyumba ya wageni pale vibarua wawili walipoingia na mapanga. Alianika kwenye kamba, kamwe si juu ya ua. Maziwa ya mnyaa yakishika nguo nyeupe, hayatoki hata ufue wiki nzima.

"Dada, tumetumwa tukate haya maua," alisema yule mwenye mvi.

"Maua gani?"

Akaonyesha mnyaa. Dobi alicheka mpaka kibanio kikamdondoka. Vijiti vya kijani, hata jani havina! Marehemu mama mkwe ndiye aliyevipanda, na ndivyo mpaka pekee kati ya kiwanja chake na cha mwenye ghala, ambaye matofali yake yalishamwagwa upande wa pili.

Kibarua akamnyooshea karatasi ya ofisi ya ardhi yenye muhuri: *Mpaka wa mashariki hakuna. Kuna ua la mnyaa tu.*

Kicheko kikakatika. Akaziacha shuka kwenye beseni, akaenda ofisi ya ardhi kwa miguu.

"Mwanangu, siku ulipokuja kuandika mipaka nilikwambia ua *wa* mnyaa," alimweleza karani. "Wa kuzungushia nyumba. Wewe umeandika *la*."

Karani aliisogeza karatasi karibu na macho. "Kweli, hapo mkono umeteleza."

"Basi rekebisha."

"Ishapigwa muhuri, mama. Andika barua, kikao ni baada ya miezi mitatu."

"Na mnyaa unakatwa leo."

"Leo, ndiyo."

"Hebu niambie, uliona wapi mtu akampelekea mchumba wake mnyaa?"

Watu waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Karani naye alicheka, akafuta machozi, kisha akaita, "Anayefuata!"

Aliporudi, ua wote ulikuwa chini, maziwa yanachuruzika kwenye vumbi. Yule mwenye mvi alikuwa amechutama, jicho limemvimba. Dobi akachota maji safi ya kusuuzia, akamwosha taratibu, akarudia mara tatu.

"Hujui haya hupofusha? Ungejifunga kitambaa."

"Tusamehe, dada."

"Wewe una kosa gani? Umetumwa."

Walipoondoka, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka yote ile aliyouchunga ua ule, leo umeondoka na herufi moja. Shuka zilikuwa zinamngoja, lakini hakuzigusa.

Kisha akainuka, akatafuta kijiti cha kuchimbia. Mnyaa hauombi mizizi. Tawi lolote ukilichomeka linashika, na mvua si lazima. Alianzia kwenye kisiki cha kwanza, akafuata mstari uleule, tawi baada ya tawi, mikono yake iliyochubuliwa na sabuni ikimuwasha.

Mwenye ghala akachungulia kutoka kwenye matofali yake.

"We dobi! Unafanya nini hapo?"

"Napanda maua," alijibu, na hakuinua kichwa.