Bomba Lisilo na Mteremko

Okemwa alimwita fundi Orwa kutoka Keumbu kwa ajili ya mkewe. Celestine alipatwa na kiharusi akichuma majani chai shambani, na tangu aruhusiwe kutoka hospitali alikuwa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu. Choo cha uani hakukifikia tena. Kwa hiyo Okemwa alitaka kona ya chumba chao cha kulala itengwe kwa ukuta wa mbao, iwe bafu na choo, na mabomba ya majitaka yapite ndani ya ukuta huo.

Orwa alianza na fremu. Mbao zikasimama wima, nafasi ya mlango ikaachwa pana kiti kipite. Celestine aliitazama kazi hiyo kutoka kitandani, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha fundi akatoka na pima maji kutafuta njia ya bomba, akakawia mno huko nje.

"Mzee," alisema aliporudi, "shimo lako la choo liko juu, chumba kiko chini. Majitaka hayapandi mlima."

"Tuinue sakafu, basi."

"Tukiinua hadi bomba lipate mteremko, kiti nacho kitataka njia ya kupandia. Chumba hiki chote hakiitoshi."

Ikabaki kuchimba shimo jipya huko chini, na huko chini ni kwa Anyona, ndugu yake mdogo. Okemwa alikwenda na moyo mwepesi, maana hawajawahi kugombana. Anyona alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika mkono, wakateremka kwenye migomba mpaka penye chemchemi.

"Haya ndiyo maji tunayokunywa, kaka. Hata nyinyi mnachota hapa. Ungekuwa mimi, ungesemaje?"

Okemwa alirudi nyumbani polepole, akapumzika mara kwa mara njiani kama mtu aliyebeba mzigo.

"Nikipata njia nyingine nitakupigia," Orwa alisema akifunga vyombo vyake. Hakupiga.

Fremu ilibaki hivyo hivyo, mifupa mitupu. Okemwa aliitundikia leso kama pazia, na nyuma ya leso hiyo akawa anamwogesha mkewe kwa beseni na kumkalisha kwenye ndoo. Celestine alifumba macho mpaka shughuli iishe.

Jioni moja, akikusanya vyombo, Okemwa aliona chai haijaguswa. Akakumbuka uji wa asubuhi, na maji ya jana.

"Mama Persis, mbona hunywi?"

Maneno siku hizi yalimtoka Celestine moja moja.

"Nikinywa... utanibeba tena."

Okemwa aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwinua kichwa, akamwekea kikombe mdomoni. Midomo haikufunguka. Chai ikamtiririka kidevuni. Akampangusa kwa kiganja, akakiinua kikombe tena.