Chapwa Maji Yanatoka

Asubuhi hiyo Mama Roda aliingia ofisi ya Mradi wa Maji Chemchemi Tatu, mjini Tunduma, akiwa na ndoo mbili tupu na kitenge alichokifunga kiunoni kwa hasira. Nyumbani kwake Chapwa binti yake Leah alikuwa amejifungua juzi, na mzazi lazima akandwe maji ya moto asubuhi na jioni, hilo halina mjadala. Bomba la Chapwa lilikuwa kavu tangu Alhamisi ile lori lililokuwa likikwepa foleni ya mpakani lilipopita juu yake, likaliponda pamoja na mita.

"Maji hakuna, mwanangu," alimwambia Lusungu, kijana wa kompyuta aliyekaa mapokezi.

Lusungu aligeuka kutazama televisheni kubwa iliyokuwa ukutani, juu ya kabati. Mji wote ulichorwa humo, kila mtaa na duara lake: bluu, maji yanatoka; nyekundu, hakuna; kijivu, mita haijaleta habari. Skrini ilijisasisha yenyewe kila baada ya sekunde chache, laivu kabisa, na wageni wa wafadhili waliipenda mno. Duara la Chapwa lilikuwa bluu, tena limenona.

"Mbona hapa yanatoka, mama."

Sababu aliijua. Mita ilipokufa duara liligeuka kijivu, na meneja, Bwana Damiano, akasema kijivu kinamtia aibu mbele ya wageni. Akaagiza kwamba mita ikikosa habari mpya, skrini irudie ile ya mwisho. Lusungu aliandika mstari mmoja tu wa programu, akaenda zake kula. Tangu hapo Chapwa ilibaki Alhamisi, saa ile maji yalipokuwa yanatoka kwa nguvu.

"Yanatoka wapi?" aliuliza Mama Roda.

"Hapa. Si unaona?"

"Haya. Ungesema mapema, nisingekuja na hasira."

Alipandisha ndoo juu ya kabati, akaigandamiza ukutani chini ya duara la Chapwa, akaligonga duara kwa kidole. Maji yakatoka. Yalikuwa maji safi, ya uvuguvugu kidogo, kwa kuwa Alhamisi ile kulikuwa na jua kali. Kila skrini ilipojisasisha yalikatika, kisha yakaendelea. Lusungu aliisogeza printa pembeni isilowe.

"Usimwage chini, mama, kuna waya za umeme," alisema.

Leah alikandwa siku hiyo, akapiga kelele kama inavyotakiwa, akanywa uji, akalala. Mtoto naye akaogeshwa.

Kesho yake foleni ilitoka nje hadi kwa wabadilisha fedha. Walikuja wanawake wa Chapwa, na nyuma yao wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, wenye madumu, wakiamkia watu "mulishani" huku wakipenya mbele kwa ujanja. Bwana Damiano alichungulia mlangoni, akaridhika. Katika ripoti ya mwezi akaandika kwamba huduma imesogezwa karibu na wananchi, ingawa hao wananchi sasa walitembea mwendo mrefu kuliko zamani. Malalamiko kutoka Chapwa yalikoma, kwa hiyo kazi ya kuliunganisha bomba ikafutwa. Fundi aliyepangiwa kazi hiyo akapewa kupiga deki mapokezi.

Lakini Lusungu alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa kule Ileje, na uongo hakuuzoea. Asubuhi moja, meneja hajafika, aliufuta ule mstari. Duara la Chapwa likageuka kijivu. Mama Roda, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliona maji yakikatika ndoo ikiwa nusu. Alisubiri skrini ijisasishe. Ilijisasisha, likadondoka vumbi kidogo.

"Umefanya nini?"

"Nimeweka ukweli, mama. Chapwa hakuna habari, kwa sababu mita imekufa na bomba limepasuka. Sasa wakubwa wataona, watakuja kutengeneza."

"Lini?"

Lusungu alitazama skrini. Ilikuwa na habari za sasa hivi tu, za lini haikuwa nazo.

"Mwe!" alisema Mama Roda. "Mjukuu wangu amejichafua hadi mgongoni na mama yake hajakandwa. Huo ukweli wako nitauchemshia sufuria gani? Rudisha uongo wetu, mwanangu. Rudisha upesi."

"Rudisha!" foleni nzima ikadakia, na wa Nakonde ndio waliopaza sauti zaidi.

Lusungu aliona aibu, tena aibu ya kweli. Alikaa, akauandika mstari upya. Duara likawa bluu, maji yakashuka.

Mwisho wa wiki ile wafadhili walileta mgeni, mzee mpole mwenye kofia ya jua. Bwana Damiano alimwonyesha maduara yote, bluu tupu. Mgeni akafurahi, kisha akamgeukia Mama Roda aliyekuwa amesimama nyuma yake na ndoo kichwani.

"Mama, nataka nisikie kwako mwenyewe. Una shida yoyote na maji?"

Meneja aliacha kutabasamu. Lusungu alimkazia macho mama huyo, akimwomba kimoyomoyo aseme ukweli. Mama Roda akafikiria bomba lililopondwa, na nyonga yake inayouma kila akipanda kilima cha kurudi Chapwa na ndoo. Akamfikiria Leah, anayesubiri kukandwa.

"Sina shida, baba," alisema. "Ila naomba usogee kidogo, umesimama mbele ya bomba."

Mgeni akaomba radhi, akasogea.