Mtetemeko wa Fundi Cherehani

Nesi wa wodi ya mishipa ya fahamu alikuwa akimlisha uji fundi cherehani, mzee ambaye mikono yake ilitetemeka kutwa kucha. Uji mwingi uliishia kifuani. Zamu ilikuwa yake peke yake na vitanda vingine vilikuwa vinamwita, hivyo akamshika mzee kifundo cha mkono ili kijiko kifike upesi. Mtetemeko ukamtoka mzee, ukaingia kwake. Ulipanda taratibu mpaka kwenye kiwiko, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, ukatulia hapo.

Mzee aliutazama mkono wake.

"Umeuchukua," akasema.

"Naona. Malizia uji, baba, unapoa."

Mchana mke wa mzee alimkuta akimshonea jirani wa kitanda kifungo. Alilia kidogo, kisha akauliza kama sasa wanaweza kwenda nyumbani.

Baada ya hapo tarishi mstaafu aliomba naye aondolewe kukakamaa kwa mguu wake. Aliomba kwa adabu, na nesi hakuwa na nguvu za kubishana. Akafuata mkunga mzee, ambaye tangu apooze maneno yalikuwa yakimponyoka. Nesi alimshika shavu tu, na mkunga akaanza kusimulia habari za watoto wote aliowahi kuwapokea. Hakunyamaza mpaka chakula cha jioni.

Nyumbani, mume wa nesi alianza kumfungia vifungo vya sare kila asubuhi.

"Utapumzika lini lakini?"

"Nikiletewa mwenzangu."

Siku aliposhindwa kupata mshipa wa mgonjwa mpya, akamchoma mpaka mkono ukavimba, alimwita mkuu wa wauguzi.

"Dada, sindano siwezi tena. Naomba mtu wa kusaidiana naye."

Mkuu aliangaza macho wodini. Mashuka yalikuwa safi. Tarishi alikuwa anafagia, huku akipiga mluzi.

"Mtu wa nini, mdogo wangu? Wodi imetulia hii! Mimi nimekuja kukuongezea ile ya pili. Nesi wake ameacha kazi."

Nesi alifungua mdomo. Neno alilolihitaji lilikuwa fupi na alilijua tangu utotoni, ila lilikuwa limemponyoka. Alilitafuta, akapata "kikombe", akapata "dirisha", akaufunga mdomo.

"Hapana," mkunga akasema kutoka kitandani. "Anataka kusema hapana."

"Wewe bibi tulia, unaumwa," mkuu akamjibu, bila ukali. Akamwekea nesi funguo za wodi ya pili mfukoni, maana mkononi zisingekaa, akaenda zake.

Nesi aliburuta mguu kuvuka ukumbi. Fundi cherehani, aliyekuwa bado anangoja ruhusa ya kwenda nyumbani, alimshika kiwiko mpaka mlangoni, akamfungulia kufuli. Ndani, wagonjwa walikuwa wamekwisha kusikia habari. Walikuwa wameketi vitandani, wametulia, kila mmoja amenyoosha mkono wake.