Marahaba ya Mzee Tluway

Jumamosi saa kumi alasiri Gidion alisukuma pikipiki yake hadi kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje kidogo ya Nangwa, akavaa kofia ngumu, akavaa glavu alizoazima kwa fundi wa kuchomelea, akawaomba kina mama walioanika mahindi pembeni ya barabara wavute maturubai yao hatua mbili. Wakayavuta hatua nne. Walikuwa wameshamwona Jumamosi tatu zilizotangulia.

Gidion ni mimi. Lakini nimefanya kazi ya ramani serikalini miaka kumi na tisa, na katika taarifa zetu mtu hajiandiki "mimi". Huandika "afisa alifika eneo la tukio". Nimezoea hivyo, na tena mambo haya nayavumilia vizuri zaidi yakimpata mtu mwingine.

Basi huyo Gidion alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, kitambi cha wastani, mke mwalimu aitwaye Judica, na pikipiki ya Kijapani ya mashindano, rangi ya bluu. Hanang nzima haikuwa na nyingine. Pikipiki za watu wenye akili zilikuwa zile za Kichina, zinazobeba magunia mawili ya mbaazi na mwenye mbaazi juu yake. Ya Gidion haikuweza kubeba hata kuku. Iliweza kukimbia tu, na pa kukimbilia palikuwa kilomita moja na nusu. Aliachiwa na mhandisi wa mradi wa barabara, ambaye mkataba wake uliisha akarudi kwao. Mhandisi alisema ni asante.

Gidion alitaka kitu kimoja. Alitaka kunyanyua tairi la mbele, aendeshe kwa tairi la nyuma peke yake, kisha alishushe pale atakapo yeye. Barabara ilikuwa ifunguliwe rasmi mwezi wa tisa, na kwenye kikao cha kamati ya sherehe, mtu akiwa na mdomo hakosi la kusema, Gidion alisema kwamba baada ya kwaya na kabla ya hotuba yeye atapita mbele ya mgeni rasmi kwa tairi moja. Katibu akaandika: burudani ya pikipiki, dakika tatu.

Alikuwa amejifunza kutoka kwenye CD. Hatua zote alizinakili kwenye karatasi ya ramani, kwa rula. Gia ya kwanza, mwendo wa ng'ombe anayerudi nyumbani. Vuta klachi kwa vidole viwili. Mkono wa kulia ongeza moto. Achia klachi kwa ghafla, na mguu wa kulia uwe juu ya breki ya nyuma, maana tairi likipanda mno ni breki ya nyuma tu inayolirudisha chini. Kwenye karatasi Gidion alikuwa dereva hatari sana.

Barabarani vidole vyake vilikuwa vya mwoga. Viliachia klachi polepole, kwa adabu, na pikipiki ikawa inapaliwa na kuzima. Jumamosi ya pili alijikaza akaiachia kweli. Pikipiki ikapanda, ikaendelea na safari yake hadi kwenye mahindi ya watu, na Gidion akabaki amesimama katikati ya lami, miguu ameitanua, mikono mbele, ameshika hewa. Mama mmoja alimuuliza kama anapimwa suruali.

Jumamosi hiyo ya nne Mzee Tluway alikuwa anapita.

Mzee Tluway alikuwa amefariki miaka sita kabla ya barabara. Alizikwa kwenye kiwanja cha nyumbani kwake, kama wazee wote wa huku, kando ya mti wa mgunga, na mawe yakapangwa juu. Lami ilipomwagwa juu ya kaburi hilo aliinuka, na tangu hapo alikuwa akitembea kwenye kile kipande kilichonyooka, kwenda na kurudi, na shuka lake jeusi na fimbo. Madereva wa malori walimjua. Walipunguza mwendo, wakampisha, wakaendelea Singida. Binti yake, Hilaria, aliyekuwa akiishi mita arobaini kutoka barabarani, hakulalamika kwamba baba yake anatembea. Alilalamika kwamba hana pa kulala.

"Mtu aliyekufa anachoka," alimwambia Gidion ofisini. Alikuja kila Alhamisi, na barua ileile, akiomba baba yake ahamishiwe karibu na zizi, mahali alipokwisha kupasafisha mwenyewe. "Mimi naingia ndani jioni. Yeye bado yuko barabarani. Nifanye nini, kaka?"

"Faili linashughulikiwa," Gidion alimjibu. Faili lilikuwa kwenye droo yake ya chini. Ili kaburi lihamishwe, lazima kwanza liwepo kwenye ramani ya barabara, na kwenye ramani ya barabara hapakuwa na kaburi.

Sasa Gidion amezaliwa Bashay, kwa Baltazar, na kwa Baltazar mtoto aliyempita mzee bila shikamoo alilala bila ugali. Alipomwona Mzee Tluway anakuja, alikuwa gia ya kwanza, klachi ameivuta, moto ameuongeza. Mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe kwa salamu, ukaiacha klachi ghafla kuliko alivyowahi kuthubutu.

"Shikamoo, mzee!"

Tairi la mbele likapanda hadi usawa wa uso wake. Na kwa kuwa hakuna mtoto wa Baltazar awezaye kumwamkia mzee huku anamkimbia, mguu wa kulia nao ukagusa breki. Vitu viwili ambavyo CD ilivifundisha kwa muda wa saa mbili, malezi yalivifanya kwa sekunde moja. Pikipiki ikaenda kwa tairi moja, imetulia. Mzee Tluway alimtazama, akatafuna meno kidogo kama wazee wanavyofanya, kisha akasema, "Marahaba."

Tairi likashuka.

Gidion alirudi na kamba yake ya kupimia akapima. Mita hamsini na mbili. Wiki iliyofuata mzee alichelewa zaidi kuitikia, ikawa mita mia na kumi. Ya tatu, mia tatu. Jambo lilikuwa wazi: shikamoo ikitoka tairi linapanda, marahaba ikirudi tairi linashuka, na katikati ni hiari ya mzee. Kina mama wa mahindi walishalielewa siku nyingi na hawakuona cha kujadili. Gidion hakujiuliza kwa nini mzee anazidi kuchelewa. Alirudi kwenye kibanda cha chai akawaeleza watu namna ya kuituliza klachi kwa vidole viwili. Aliwaeleza wiki tatu mfululizo. Aibu ya hotuba zile bado ninayo mpaka leo.

Hapa inabidi afisa aeleze kuhusu ramani.

Siku ya kupima njia mvua ilikuwa inanyesha. Gidion aliuona mgunga, akayaona mawe, na Hilaria alitoka na mwavuli akamwambia huyu ni baba yangu. Gidion alikuwa na penseli mkononi. Lakini mhandisi alikuwa anatazama saa. Kaburi likiingia kwenye ramani linakuja na ukoo, linakuja na padri, na mbuzi, na vikao vya wazee wanaotoka hadi Gehandu, na miezi mitatu. Au barabara ipinde, na mhandisi hakupenda barabara zinazopinda. Gidion alimwambia Hilaria asiwe na wasiwasi, ataliweka akirudi ofisini, mahali pakavu. Akarudi ofisini. Palikuwa pakavu kabisa. Ramani ikapigwa muhuri bila kaburi, barabara ikanyooka kilomita moja na nusu, na baada ya mwaka mhandisi akasema asante.

Kwa hiyo siku ya ufunguzi kila kitu kilikuwa tayari. Mahema, kwaya ya parokia, viti vyenye vitambaa. Utepe ulisogezwa mita tatu upande wa Katesh kwa sababu pale ulipopangiwa alisimama Mzee Tluway, na mtu wa itifaki alipomwomba apishe, mzee alisema yuko kwake. Hilaria alisimama nyuma ya mahema na barua yake kwenye mfuko wa plastiki, isilowe.

Mshereheshaji akatangaza burudani. Gidion, katika koti la ngozi alilolibana hadi pumzi ikawa ya kuhesabu, akatoka gia ya kwanza, akavuta klachi, akaongeza moto, akanyanyua mkono.

"Shikamoo, mzee!"

Tairi likapanda. Watu wakashangilia. Akapita mbele ya mgeni rasmi amelala nyuma kama mtu anayenyolewa ndevu, na mgeni rasmi akainuka akapiga makofi. Dakika moja ikapita, ya pili, ya tatu. Gidion aligeuza akarudi. Tairi lilikuwa juu bado.

"Wewe mtoto wa nani?" Mzee Tluway aliuliza. Hakupaza sauti, lakini ilisikika vilevile, uwe hatua tatu kutoka kwake au uwe mwisho wa barabara.

"Wa Baltazar, mzee. Wa Bashay."

"Baltazar namfahamu. Unafanya kazi gani?"

"Ramani."

Mzee aliweka fimbo yake kwenye lami, akaiegemea. "Mimi niko wapi kwenye ramani yako?"

Gidion alipita tena mbele ya mahema. Aligeuza mara ya nne, ya tano. Mguu wa kulia ulikanyaga breki hadi pikipiki ikasimama, na tairi la mbele likabaki limenyooshwa kuelekea Mlima Hanang. Aliizima. Halikushuka. Mgeni rasmi alikuja kumpa mkono pale juu, na katika hotuba akasema hii ndiyo kasi ya mkoa wetu mpya, mkoa usiosubiri tairi la pili. Utepe ukakatwa. Hilaria hakupata nafasi ya kutoa barua.

Jioni Judica alimwona mumewe anaingia uani tairi likiwa juu.

"Hilo tairi litanivunjia taa ya kibarazani," alisema.

"Mzee hajaitikia."

"Kakuuliza kitu?"

Gidion akamwambia. Judica aliendelea kuchambua maharage. "Si umjibu, basi," alisema.

Ni jambo dogo, kila mtu anakubali. Msalaba mdogo wa penseli, milimita mbili kwa mbili. Lakini ramani ina muhuri, na kubadilisha ramani yenye muhuri kunahitaji taarifa, na taarifa ina kipengele kinachouliza kosa lilifanywa na nani na alipata nini. Gidion ameichonga ile penseli mara nyingi sana. Imebaki fupi kama kidole cha mtoto.

Siku hizi huenda kazini kwa tairi moja. Kituo cha mafuta wanamwekea kigoda cha kupandia. Mlinzi wa ofisi amehamisha benchi lake ili pikipiki ipate pa kusimama. Trafiki alimsimamisha mara moja kumwambia taa yake ya mbele inamulika ndege, kisha akamwacha. Akiendesha hivyo haoni barabara. Anaona mawingu, na kilele cha mlima siku kukiwa kweupe. Vijana wa bodaboda humwita Mwalimu na kumwomba awafundishe, na huwaambia siri yote iko kwenye klachi.

Alhamisi iliyopita Hilaria alikuja. Alitoa barua kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani. Karatasi imechakaa kwenye mikunjo, ameigundisha kwa selotepu.

"Baba ameanza kuvimba miguu," alisema.

Nilimwambia faili linashughulikiwa. Nilisema hivyo mimi, siyo Gidion. Alinishukuru, akakunja barua, akawahi gari la kurudi Nangwa.

Na Jumamosi saa kumi nilipita tena pale. Kina mama walivuta maturubai yao. Mzee Tluway alikuwa amesimama palepale, mguu mmoja ameupumzisha juu ya mwingine, anasubiri. Nilipunguza mwendo, nikavua kofia ngumu.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

Tairi lilibaki juu. Mzee akaangalia chini, kwenye lami, kati ya miguu yake, pale lilipo kaburi.