Mshumaa wa Kumi

Mwalimu Telesphori hakuwahi kuona bahari, wala theluji, wala samaki wa chumvi aliyeshindiliwa kwenye pipa. Hata hivyo, mwaka ule wa 1953, mwili wake ulikuwa Ushirombo na roho yake iko Lubeck. Padre Eustace, Mholanzi wa misheni, alikuwa amempa kitabu cha historia ya Hansa, ule muungano wa kale wa miji ya wafanyabiashara kaskazini ya Ulaya ulioongozwa na Lubeck, naye mwalimu akawa anakitafsiri kwa ajili ya darasa lake. Kila alasiri aliketi kizingitini kwa mama yake, kalamu mkononi, macho yamempotelea. Pamba iliyopasuka shambani ikiyumba kwa upepo, yeye aliona theluji juu ya mapaa. Kengele ya misheni ikilia, merikebu zilitia nanga nyuma ya zizi la ng'ombe. Majirani walisema mwalimu amerogwa na karatasi.

Msikilizaji wake alikuwa mama yake, Lukresia. Huku akichambua pamba, safi upande huu na fifi, ile chafu, upande ule, alisikia jinsi miji hiyo, bila mfalme wa kuiunganisha, ilivyopatana kulinda njia na biashara yao. Mji uliovunja mapatano ulifungiwa: wenzake hawakuuuzia kitu wala kununua kwake.

"Mji mzima? Kwa kosa la wachache?"

"Mzima, mama. Brunswick ilifungiwa miaka kadhaa. Mwisho wakatuma watu kumi Lubeck. Wakatoka kanisani miguu mitupu, vichwa wazi, kila mtu na mshumaa wake, wakaenda kupiga magoti mbele ya wenzao. Wakasamehewa."

"Kumi," alisema Lukresia kwa huruma. "Na baridi yote hiyo!"

Msimu huo wakulima wa vijiji saba walianzisha chama chao cha pamba. Walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, wakanunua ya kwao, wakamchagua Telesphori awe mpimaji. Kwenye mkutano wa kwanza, badala ya kueleza upimaji, mwalimu wetu akawapeleka Lubeck. Bujiku, mwenyekiti mwenye ulimi mkali, alicheka mpaka akakohoa.

"Wanamtenga mkosaji? Basi hao ni Wasukuma, ila wamechujuka rangi!"

Wakapitisha sheria palepale: kijiji kitakachokutwa na pamba iliyotiwa maji ili izidi uzito kitafungiwa chote, msimu mzima. Telesphori aliiandika sheria ile kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote, akaipenda.

Siku ya kwanza ya soko aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akagusa ubaridi. Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa utepe wa buluu. Fundo lile alilijua tangu utotoni.

"Miaka yote mizani iliiba kwetu, nasi tukairudishia kwa maji," alisema Lukresia mbele za watu, bila haya. "Nani hapa hajui?"

Wote walijua, na wengi waliinamisha vichwa. Telesphori alitamani kulifunga gunia na kunyamaza. Mungu anajua jinsi alivyotamani.

"Lakini mizani hii ni yetu, mama," alisema. Kisha akakitaja kijiji chake mwenyewe: Ibambilo.

Ibambilo nzima ikarudi nyumbani na magunia kichwani. Tangu siku hiyo Lukresia alimpikia mwanawe, akafunika chakula, akaondoka. Shikamoo yake aliiitikia akiutazama ukuta. Soko lingefungwa baada ya majuma manne, na pamba ya kijiji ilikuwa imelala ndani ikitafunwa na panya. Telesphori alifungua kitabu, asiweze kuandika hata mstari. Lubeck ilikuwa imerudi kuwa mji wa mbali wa watu asiowajua. Alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Jumapili ya tatu, baada ya misa, chama kilikutana kwenye banda la pamba mkabala na kanisa. Bujiku alikuwa akizungumza, akakatiza. Kutoka mlango wa kanisa walikuja watu wa Ibambilo kwa mstari mmoja, miguu mitupu, vichwa wazi, viganja vimekinga mishumaa ambayo jua la mchana lilikaribia kuimeza. Mbele yao alitangulia Lukresia. Telesphori alidhani anaota tena. Upepo ukapeperusha manyoya ya pamba kutoka bandani, yakawaangukia polepole vichwani, nao hawakuyapangusa.

Wakapiga magoti vumbini.

"Haya nayo ni nini?" aliuliza Bujiku.

"Nilitia maji nikaidanganya mizani yangu mwenyewe," alisema Lukresia. "Hawa wamefungiwa kwa sababu yangu. Tunaomba kurudi."

Telesphori aliwahesabu. Tisa. Akarudia: tisa. Ndipo alipoona mkono wa kushoto wa mama yake umeshika mshumaa mwingine, haujawashwa. Kwa mara ya kwanza katika majuma matatu, mama alimtazama machoni.

"Ng'wanone," alimwita mwanawe kwa Kisukuma, "kitabu kinasema kumi. Na wewe ni wa Ibambilo."

Mwalimu alivua viatu, akaviacha chini ya mizani. Akapiga magoti kando ya mama yake, akawasha mshumaa wake kwa ule wa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Bujiku alikohoa mara mbili, kisha akauliza magunia ya Ibambilo yako wapi.