"Missed" Siyo "Missing"

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Dorotea akiwa anaanua nguo nyumbani kwake Kigera. Ulitoka kwa mzungu mpima miamba wa mgodi wa Kiabakari, bosi wa mumewe, Pastory. Uliandikwa kwa Kiingereza: "We missed Pastory at the pit this morning."

Dorotea aliishia darasa la saba, hivyo akampelekea jirani yake Jeska, aliyemaliza kidato cha nne. Jeska akausoma mara mbili, kisha akamshika mkono. Alisema neno *missed* huwa analiona kwenye matangazo ya watu waliopotea.

"Anasema Pastory amepotea shimoni."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi, na Dorotea alijua mashimo ya zamani yanavyobomoka yakilowa. Akapiga simu ya mumewe, haikupatikana. Akakodi bodaboda akiwa na kanga aliyokuwa amejifunga vilevile. Njia nzima alijaribu kusali, lakini kila alipoanza lilimtoka jina la Pastory tu.

Kiabakari alimkuta Isidori, msimamizi wa vibarua, akampa simu asome.

"Shemeji, hajapotea," Isidori alisema. "Kupotea ni *missing*. Hii ni *missed*, yaani tulimkosa. Leo hakufika kazini."

Dorotea akashusha pumzi. Halafu akakumbuka jambo.

"Lakini aliondoka na pikipiki alfajiri."

Isidori akamuuliza Pastory anapitaga njia gani. Dorotea akamwambia ni ile ya vumbi, ya kukwepa malori. Wakaifuata polepole kwa pikipiki ya Isidori, wakisimama kwenye kila karavati. Kila mara Dorotea alishuka kuchungulia, na kila mara aliogopa zaidi kuangalia.

Walimkuta mtaroni, pikipiki imemlalia mguu, maji ya tope yamemfika kifuani. Alikuwa hai. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita, midomo inatetemeka. Alipomwona mkewe alifumba macho kwanza, kama mtu asiyeamini.

Hospitalini Butiama walisema mfupa umevunjika ila utaunga. Jioni Jeska akafika na uji, akiomba msamaha tangu mlangoni.

"Ungeusoma vizuri ningedhani kapitia mahali, nikamsubiri nyumbani mpaka giza," Dorotea alimwambia, akampisha akae.

Akachukua kikombe ili amnyweshe Pastory. Kikombe kikaenda upande. Uji ukamwagika kwenye shuka.