Nukta Tatu Chini ya Fremu

Uliona. Usijitie hamnazo. Ulipita mteremko wa kiwandani asubuhi ile ya manyunyu, baiskeli ya kijani imelala mtaroni, gurudumu la nyuma bado linazunguka polepole, na raba moja ya kike imebaki katikati ya lami. Ukaikwepa ile raba. Ulipofika kazini ukasema waendesha baiskeli wa siku hizi hawana akili, ukaomba chai. Sasa kaa kitako, maana yuko mtu mmoja ambaye hakupata pa kugeuzia macho.

Mtu huyo ni fundi wa baiskeli. Watu wanamwita Rula, kwa kuwa hakuna kitu anachokipima kwa jicho. Aliyefunikwa turubai kando ya mtaro siku ile alikuwa mdogo wake wa kike, Mama Pacha, mfungasha sabuni wa zamu ya asubuhi. Na baiskeli ile aliichora Rula mwenyewe, kwa ajili yake.

Ilianza siku Mama Pacha alipoingia karakanani sketi imechanika mpaka gotini, imeliwa na cheni.

"Kaka, hizi baiskeli zenu mlimtengenezea nani? Mwanamume asiye na mzigo, asiye na sketi, anayetoka kunyoosha miguu?"

"Panda kwenye stuli nikupime."

"Nimekuja na malalamiko, wewe unanipima. Utanipima mpaka lini?"

Alimpima kwa miaka mitatu. Akashusha bomba la juu likawa chini ya goti, mtu apande bila kurusha mguu. Cheni akaifungia ndani ya boksi la bati. Keria akaileta chini na karibu, mzigo usimyumbishe mtu. Mama Pacha akauliza kengele iko wapi, akajibiwa, "Kengele ya nini, na mdomo wote huo?" Akacheka mpaka akakalia ndoo ya grisi.

Breki ndiyo iliyomtoa Rula jasho. Mpira unaobana rimu ya chuma hushika vizuri jua likiwaka. Rimu ikilowa, ni sawa na kushika samaki kwa mkono wenye sabuni. Ndiyo maana akaiweka breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, breki ya ngoma, mahali ambapo mvua haifiki. Kwenye mchoro aliizungushia duara jekundu mara mbili.

Kiwanda kikaipenda. Wafanyakazi wengi wanakaa mbali, na kuchelewa kulikuwa wimbo wa kila siku. Kikaagiza fremu mia mbili. Magurudumu na breki vingefungwa kwenye stoo ya kiwanda, kwa kufuata mchoro.

Sasa sikiliza kosa, maana ni kosa la watu wa kazi.

Karakanani kwa Rula, baiskeli iliyopimwa ikapita hupigwa nukta tatu kwa ncha ya chuma, chini ya fremu, pale pedali zinapopita. Nukta tatu ni kiapo. Lakini ukigonga chuma kilichokwisha kupakwa rangi, rangi hupasuka na kutu huingia. Kwa hiyo mafundi wa pale huzipiga mapema, kabla ya rangi. Haikupata kuleta shida, kwa kuwa hakuna baiskeli iliyovuka mlango ule kabla ya kupimwa. Safari hii zilizovuka ni fremu tupu, na mkono wa Rula, kwa mazoea, ulikuwa umeshaapa mara mia mbili.

Stoo wakafunga breki za mpira. Walikuwa nazo tele, za ngoma zilikuwa hazijafika, na mkubwa wa kiwanda alitaka apigwe picha akizigawa. Hakuna aliyemwambia Rula. Ulikuwa wakati wa jua kali. Mama Pacha alipita mbele ya karakana akapunga mkono, hakushuka, zamu ilikuwa inamwita. Rula aliona lile bomba la chini, akaona sketi nzima, akajisikia mrefu. Hakuinama kutazama kitovu.

Mvua ya kwanza ndiyo iliyotazama.

Siku ya tatu baada ya maziko, shemeji yake, baba wa wale pacha, alimkuta uani ameigeuza ile baiskeli miguu juu.

"Shemeji, nakuuliza moja tu. Uliipima?"

Rula aliweka kidole juu ya zile nukta kama anayetaka kuziziba.

"Sikuipima."

"Na hizi?"

"Nilizipiga kabla."

Shemeji hakumpiga. Angempiga ingekuwa afadhali. Aliingia ndani akafunga mlango, na ndani Rula akasikia mmoja wa pacha akiuliza, "Mjomba haingii?"

Kesho yake alikwenda kwa Meneja wa kiwanda. Juu ya meza palikuwa na ripoti iliyokwisha kuandikwa, na picha ya nukta tatu imebanwa kwa pini.

"Alama hii ni yako?"

"Yangu."

"Inamaanisha nini?"

"Imepimwa, imepita."

"Basi ndugu yangu, tusichimbane. Humu imeandikwa marehemu alikuwa anakimbia kwa kasi mteremkoni. Tia sahihi, hutasumbuliwa wewe, hatutasumbuliwa sisi."

"Mdogo wangu hakuwa anakimbia. Alikuwa anabana breki."

"Unataka kufungwa?"

"Ziko nyingine mia moja tisini na tisa."

"Hazijaletewa malalamiko."

"Huyo wa kwanza angelalamika vipi?"

Meneja akaisogeza kalamu karibu zaidi. Rula akaiacha pale pale.

Zamu ilipotoka mchana, alikuwa getini na ndoo ya maji na kikombe.

"Haya, Rula leo anaogesha baiskeli," akasema mfungasha mmoja mnene, yule anayeitwa Shangazi na kiwanda kizima. "Ya kwangu usisahau kisigino."

"Igeuze, Shangazi."

Akaigeuza, watu wakicheka. Rula akalizungusha gurudumu, akaimwagia rimu kikombe kimoja.

"Bana."

Shangazi akabana. Gurudumu likaendelea. Akabana kwa mikono miwili mpaka vidole vikawa vyeupe. Likaendelea. Kicheko kikakatika.

"Lakini Rula, nukta zako si hizi hapa?"

"Ni zangu. Nilizipiga kabla breki haijafungwa. Nilikudanganyeni, na yule niliyemchorea amekufa kwa uongo wangu na haraka yao. Msiipande tena."

Walinzi walimtoa kwa kumburuta, ndoo ikapinduka. Siku ya pili akakabidhiwa hati ya mashtaka: yeye ndiye aliyethibitisha baiskeli mbovu, ushahidi nukta zake. Aliyefunga breki hakutajwa. Aliyetaka picha hakutajwa. Rula atasimama kizimbani na kusema ndiyo, ni zangu, na atafungwa, na mlango wa shemeji hautafunguka kwa ajili hiyo.

Lakini siku ile ya ndoo, baiskeli zilizoachwa getini zilikuwa kumi na nne. Nyingine ziliteremka mteremko ule ule. Wenyewe si wajinga. Kwao ni mbali, na asubuhi kengele ya kiwanda haimsubiri mtu anayetembea.

Zimebaki mia moja themanini na tano, na mvua haijaisha. Moja umeiegemeza ukutani kwako, au iko kwa jirani, au anaipanda mke wako. Inuka hapo ulipokaa. Igeuze. Tafuta nukta tatu, zisikutulize. Chota kikombe kimoja cha maji, mwagia rimu, zungusha, bana. Likiendelea kuzunguka, ng'oa pedali zote mbili asiipande mtu, uende nazo mkononi mpaka getini, usimame pale, usitoke mpaka wakuonyeshe nani alifunga breki ile. Nenda sasa hivi, kabla zamu haijatoka.